Pipa Halisimami: Mikono na Miili Kando ya Gari la Zege

Pipa la gari la zege halisimami. Likishapakiwa planti linazunguka njia nzima hadi saiti, linazunguka likisubiri zamu yake kwenye foleni, linazunguka likimwaga, na mara nyingi linazunguka hata wakati wa kuoshwa. Kila fundi anajua sababu. Saruji ikishakutana na maji, saa imeanza kwenda. Kanuni ya Marekani ya zege linalosafirishwa, ASTM C94, kwa miongo mingi iliweka dakika 90 tangu saruji ikutane na maji hadi zege liishe kumwagwa, na hesabu hiyo ya saa moja na nusu imesambaa nchi nyingi. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, zege huanza kukaza mapema zaidi, na ndiyo maana planti hutia dawa ya kuchelewesha.

Mashine ya kukatia nondo ikizimwa robo saa, hasara yake ni robo saa tu. Gari la zege likizimwa likiwa limejaa, mwenye gari anaanza kuwaza pipa lililoganda, slabu yenye kiungio mahali ambapo mhandisi hakukitaka, na mabishano ya nani atalipa. Hofu hiyo ndiyo inayopanga kazi yote inayofanyika kulizunguka gari. Watu hukwangua, hupaka grisi, hukunja mfereji, huchungulia na kuelekeza gari huku chuma kikiendelea kwenda, kwa kuwa wamezoezwa kwamba kukisimamisha ni kosa. Ninavyoona mimi, vidole vinavyokatika na watu wanaobanwa ukutani kando ya magari haya huanzia hapo. Mtu aliye karibu zaidi na hatari ndiye mwenye mamlaka madogo kuliko wote ya kusema "simamisha".

Tuanze na uzito. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina takribani kilo 2,400. Gari lililobeba mita 8 za ujazo lina zege la tani 19 hivi, bila kuhesabu chuma cha pipa, chasisi na tangi la maji. Upande wa mbele, karibu na kabati ya dereva, pipa limefungwa kwenye gia boksi inayozungushwa kwa nguvu ya haidroliki. Upande wa nyuma limelala juu ya rola mbili, na pete pana ya chuma iliyozunguka pipa hupita juu ya rola hizo mchana kutwa. Pete inapokutana na rola kuna mwanya unaovuta kila kinachokaribia: kitambaa, glovu, kamba ya reflekta, kidole.

Watu hudanganywa na mwendo wa pipa, maana linaonekana kama linatembea taratibu. Chukua pete yenye kipenyo cha mita 2, pipa likizunguka mara 3 kwa dakika, mwendo wa kulibembeleza zege lisikaze. Ukingo wa pete husafiri sentimita 31 hivi kila sekunde. Mtu anayeguswa ghafla huhitaji takribani nusu sekunde kutambua na kuvuta mkono, na katika nusu sekunde hiyo chuma kimekwenda sentimita 16. Huo ni karibu urefu wa kiganja chote, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi karibu na kifundo. Wakati wa kuchanganya, pipa huzunguka mara 12 au zaidi kwa dakika, na hapo hata kuanza kushtuka hakuwahiwi. Wepesi wa mikono, ambao mafundi wengi hujivunia kwa haki katika kazi nyingine, hauna nafasi hapa.

Jambo lingine hufahamika kwa makanika lakini halifundishwi vya kutosha saiti. Pipa huzunguka upande mmoja likipakiwa na kuchanganya, na upande wa pili likimwaga. Mwelekeo ukigeuka, mdomo wa hatari nao huhama. Upande wa rola uliokuwa ukisukuma vitu nje wakati gari lipo njiani ndio unaovimeza wakati wa kumwaga. Kibarua aliyeona mwenzake akikwangua upande fulani bila kudhurika anaweza kusimama palepale saa nne baadaye, akafanya vilevile, na rola ikamchukua. Kwa hiyo kinga ya chuma ya upande mmoja haitoshi. Rola zote mbili zinahitaji kufunikwa pande zote, kwa bati au wavu ulioshikwa kwa bolti, usioweza kuinuliwa kwa mkono mmoja.

Kwa nini mtu apeleke mkono huko hata mara moja? Ukimsikiliza anayefanya kazi hiyo, ana sababu nzuri. Zege hurukia pete na rola wakati wa kumwaga, likikauka linafanya pipa lirukeruke na kuharibu beringi. Ukilikwangua pipa likiwa limesimama, unafikia kipande kidogo tu cha pete. Likizunguka, uchafu unakujia wenyewe hapo ulipo. Grisi ni vivyo hivyo: makanika hupenda kuipaka rola ikizunguka ili isambae. Kumwambia mtu huyu "kuwa makini" ni kumtaka afanye kazi ileile kwa njia ileile, ila kwa woga zaidi. Dawa ni kumwondolea sababu. Mirija ya grisi irefushwe hadi sehemu moja nje ya kinga, ili bomba la grisi lisikaribie rola kabisa. Pete na rola zipakwe mafuta ya kuzuia zege kushika kabla gari halijatoka asubuhi, na zioshwe kwa maji ya presha kutoka mbali zege likiwa bado bichi. Pakibaki kipande cha kukwangua, pipa lizungushwe kidogo na dereva aliyepo kwenye mkono wa kuendeshea, mkwanguaji akiwa amerudi nyuma anapoonekana, lisimame kabisa, ndipo akwangue, kisha arudi nyuma tena. Inachukua muda mrefu zaidi. Muda huo ulipiwe.

Mfereji wa kumwagia zege hauogopwi kama pipa, nao ndio unaobana vidole kwa urahisi kuliko kitu kingine kwenye gari hili. Sehemu yake ya mwisho ina bawaba na hukunjwa juu ya ile ya kwanza gari linaposafiri. Pembeni huning'inizwa vipande vya kurefushia, kila kimoja cha chuma kikiwa na kilo 20 na zaidi, vinavyotundikwa kwa ndoano. Mkunjaji aliyechoka, mikono ikiwa imelowa maji ya saruji, hushika ukingo wa mfereji badala ya kishikio. Sehemu ya juu inapoangukia ya chini, vidole vipo katikati. Kama mfereji haukuoshwa, zege lililobaki ndani linaongeza kilo ambazo mkono haukuzitarajia, na linateleza wakati wa kuinua, kwa hiyo uzito unahama ghafla. Kwenye ndoano ni hivyohivyo, hasa kwa mwenye pete ya ndoa: kipande kikishuka, pete hunasa na kuchuna nyama hadi mfupa.

Mpangilio wa kazi hii unajulikana na hauna gharama. Mfereji uoshwe kwanza. Ukunjwe kwa kishikio tu, na kama kishikio kimekatika gari lisitoke planti hadi kichomelewe. Mtu mmoja akunje. Wakiwa wawili, mmoja ndiye anayetoa neno, na mwenzake aonyeshe viganja vyote viwili kabla chuma hakijashushwa. Pini ya kufungia iingizwe na ivutwe kuhakikisha imeshika. Mfereji usiofungwa huyumba gari likikata kona, na mtu anayepita kati yake na nguzo hana pa kukimbilia. Vipo vipande vya kurefushia vya alumini na vya plastiki ngumu, vyepesi kuliko vya chuma. Mwenye magari anayesema ni ghali angalau apime ughali huo na mgongo wa utingo anayeinua chuma mara nyingi kila siku.

Mdomo wa pipa juu, pale kwenye ngazi, una hatari ya aina nyingine. Ndani ya pipa kuna mapezi ya chuma yaliyozunguka kama parafujo, ndiyo yanayolisukuma zege ndani au nje kulingana na upande wa mzunguko. Mtu aliyepanda kuosha akitumbukiza koleo, bomba la maji au mkono kuondoa donge wakati pipa linazunguka, pezi linalokuja hukibana kitu hicho kwenye ukingo wa hopa ya kupakilia na kumvuta aliyekishika. Pipa linapozunguka, juu kule mtu aangalie tu, na koleo libaki chini.

Hayo ni ya mikono. Mwili mzima hubanwa gari linapopiga rivasi, na hapa ndipo vifo hutokea. Dereva wa lori refu lenye pipa nyuma haoni chochote kilicho moja kwa moja nyuma yake, na upande wa abiria kioo kinamwonyesha ukanda mwembamba tu. Kwetu kazi ya kumwonea dereva huko nyuma ameachiwa utingo, au tanboi kama wanavyosema Kenya, anayetembea kando ya gari akipaza sauti: "Rudi, rudi, kata kulia, njoo, hapo hapo!" na kugonga bodi kwa kiganja gari lisimame. Utaratibu huu umeokoa watu wengi, lakini una kasoro kubwa. Ili agonge bodi lazima awe ndani ya umbali wa mkono kutoka kwenye gari, yaani mahali pasipotakiwa kuwa na mtu yeyote. Na saiti yenye vaibreta, jenereta na pampu, kugonga hakusikiki.

Utaratibu bora ni huu: mwelekezaji asimame mbali, upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo muda wote, aelekeze kwa ishara za mikono walizokubaliana kabla gari halijasogea. Dereva asipomwona hata kwa sekunde moja, anakanyaga breki hapo hapo na hasogei hadi amwone tena. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo kiini. Inamfanya mwelekezaji asihitaji kupiga kelele. Akitoweka tu kwenye kioo, gari limesimama. Mlio wa rivasi na kamera ni vizuri viwepo, lakini kwenye saiti ambako magari matano yanalia kwa pamoja, masikio ya watu huacha kuusikia mlio baada ya saa moja.

Palipo na pampu ya zege pana mtego unaostahili kutajwa peke yake. Gari hurudi nyuma hadi mfereji ufike juu ya hopa ya pampu, lile bakuli kubwa linalopokea zege. Mwendesha pampu husimama karibu na hopa, na kibarua wa kusawazisha mfereji naye hujiingiza katikati ili auvute. Gari likishuka kidogo kwa mteremko, breki ikichelewa, au dereva akidhani ameambiwa aongeze kidogo, walioko katikati wanakutana na chuma mbele na chuma nyuma. Gogo zito au kizuizi cha zege kilichowekwa chini mapema, mahali ambapo matairi ya nyuma yanatakiwa kukoma, hulisimamisha gari bila kumtegemea mtu yeyote. Asiingie mtu kati ya gari na hopa hadi gari limesimama, handibreki imevutwa na vizuizi vimewekwa kwenye matairi. Pembeni mwa shimo la msingi, wahandisi wengi hufuata kipimo chepesi kukumbuka: tairi likae mbali na ukingo angalau kwa umbali ulio sawa na kina cha shimo, na zaidi ya hapo kama udongo ni kichanga au umelowa. Gari la zege lina uzito mwingi juu. Ukingo ukibomoka halididimii tu, linalala ubavu, na walio shimoni wako chini yake.

Kuna kazi moja ambayo haifanyiki saiti wala haionwi na mteja: kuingia ndani ya pipa kugonga zege lililoganda. Hufanywa uani, mara nyingi Jumapili, na vijana wenye nyundo au mashine ya kubomolea. Maisha ya anayeingia yanategemea ufunguo mmoja. Kama ufunguo umebaki kwenye swichi, mtu asiyejua anaweza kuwasha injini ili asogeze gari. Hata injini ikiwa imezimwa, pipa lenye zege lililoganda upande mmoja linaweza kujigeuza lenyewe kwa uzito vipande vinapoondolewa upande mwingine. Kwa hiyo kuzima peke yake si kufunga. Injini izimwe, kila anayeingia apige kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu ya betri na abaki na ufunguo wake mfukoni, pipa lizuiwe kwa pini au minyororo lisigeuke, hewa ipimwe na isukumwe ndani, mtu abaki nje akizungumza na walio ndani. Marekani ina kanuni ya kufunga mashine kwa kufuli kabla ya matengenezo, nambari 1910.147, na msingi wake unaeleweka popote: mwili ulio hatarini ndio unaoshika ufunguo.

Ajali ikishatokea, neno la kwanza kutamkwa ni uzembe. Dereva mzembe, kibarua mzembe. Ninalikataa neno hilo kama maelezo, kwa sababu halisemi kwa nini mzembe huyo alikuwa hapo. Tazama siku ya kumwaga slabu. Gari ni la kampuni ya zege. Saiti ni ya mkandarasi. Pampu imekodiwa kwa mtu wa tatu. Vibarua wameletwa asubuhi na fundi aliyepewa kazi ya kumwaga kwa mkataba wa mdomo, na wengine ndiyo mara yao ya kwanza kusimama karibu na gari hilo. Dereva anapolipwa kwa tripu, kila dakika ya kuosha inamkata posho. Msimamizi wa saiti ana magari mengine yanayosubiri barabarani na askari wa trafiki anauliza maswali. Hapo nani ana haki ya kusema pipa lisimame? Dereva anaweza, lakini yupo kwenye kabati, haoni. Kibarua anaona, lakini hajui jina la dereva wala hana hakika ya kurudi kesho.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaotokana na sheria ya 2008. Kenya ina sheria zake mbili za 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya mafao ya majeraha ya kazini. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliohesabiwa kati ya mikataba ya msingi tangu 2022, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za haki kwamba pana hatari kubwa na ya papo kwa papo. Kibarua wa siku moja anahitaji haki hiyo itamkwe mbele yake na msimamizi mwenyewe, asubuhi, kabla gari la kwanza halijafika, pamoja na ishara moja ya kusimamisha ambayo dereva, mwendesha pampu na kila aliyeshika koleo wameikubali. Mikono yote miwili juu, kwa mfano. Na atakayeitumia bila sababu asikaripiwe siku hiyo, la sivyo hakuna atakayeitumia tena.

London inatupa mfano wa jinsi mamlaka ya umma inavyoweza kusukuma muundo wa gari lenyewe. Malori ya ujenzi, ya zege yakiwemo, yalionekana kuhusika kupita kiasi katika vifo vya waendesha baiskeli. Jiji likaweka kipimo cha nyota, kutoka sifuri hadi tano, cha kiasi ambacho dereva anaona kwa macho yake kupitia madirisha ya kabati. Tangu Machi 2021 lori la zaidi ya tani 12 lisilofikia nyota moja halikuruhusiwa kuingia bila vifaa vya ziada vya usalama, na tangu Oktoba 2024 kiwango kimepandishwa hadi nyota tatu. Watengenezaji wakaleta kabati za chini zenye milango ya vioo. Sidhani Dar es Salaam au Nairobi zinaweza kuiga hilo mara moja, maana magari yetu mengi hununuliwa yakiwa yameshatumika. Lakini kioo cha mbinuko upande wa abiria, kinga za rola na vishikio vizima vya mfereji vinaweza kukaguliwa getini, na mradi mkubwa wa serikali una nguvu ya kukataa gari lisilokuwa navyo.

Kidole kikishakatika, dakika huhesabika kwa namna nyingine. Pipa lisimamishwe, na asiwepo wa kulizungusha kinyume kwa pupa ili kuutoa mkono, maana chuma kinaweza kuusaga mara ya pili. Jeraha ligandamizwe kwa kitambaa safi. Kidole chenyewe kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe mfuko wa plastiki, na mfuko ndio uwekwe kwenye maji ya barafu; kisiguse barafu moja kwa moja. Mtu aliyebanwa mguu na tairi kwa muda mrefu asivutwe tu na kusimamishwa: mzigo ukiondolewa ghafla, sumu zilizojikusanya kwenye misuli hukimbilia moyoni, kwa hiyo daktari aitwe mapema na aelezwe amebanwa tangu saa ngapi.

Kila gari la zege linapofika saiti huja na hati ya kupokelea mzigo. Ina saa ya kuondoka planti, saa ya kufika, kipimo cha slampu na maji yaliyoongezwa, kwa kuwa mhandisi anataka kujua zege lilitendewaje. Ningeiongezea mistari mitatu: jina la mwelekezaji aliyekabidhiwa gari hilo, mahali palipotengwa kuoshea, na saa ya kuanza na kumaliza kuosha. Saiti isiyo na mahali pa kuoshea inamtuma dereva akaoshe kandokando ya barabara, peke yake, pipa likizunguka. Na hati inayoonyesha kwamba mfereji ulioshwa na kukunjwa ndani ya dakika mbili imwamshe meneja wa planti aulize, siku hiyohiyo, ni nani aliyemharakisha dereva wake.